Hema kando ya maji: Vijana wa Konza, mlima ni wetu pia

Ile picha umeiona. Hema dogo, kidimbwi kimetulia kama kioo, ukungu unapanda polepole, na mtu amejifunika shuka la Kimaasai akishika kikombe cha chai. Chini yake kuna maneno matatu kuhusu amani ya moyo. Unaipenda, unamtumia beshte wako, anakujibu "tutaenda siku moja", na mambo yanaishia hapo.

Mara nyingi picha hiyo imepigwa Ziwa Ellis, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, juu ya mji wa Chogoria kaunti ya Tharaka-Nithi. Linaitwa ziwa, lakini ukilifikia utasema ni kidimbwi kikubwa tu. Halina kina kirefu, na liko zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, kwenye nyasi na vichaka vya mlimani. Kabla hujalifikia unapita msitu mzito, halafu mianzi, halafu miti mizee iliyoning'iniza ndevu za kuvu.

Nimeandika haya kwa ajili ya wale wa "siku moja". Nataka kusema mambo mawili. La kwanza, kulala kwenye hema mlimani si starehe ya watalii na wenye gari kubwa peke yao. Hata sisi wa Konza tunaweza, tena karibu na nyumbani. La pili, kambi nzuri haipimwi kwa picha. Inapimwa kwa vitu viwili: kwamba wote mlioenda mmerudi wazima, na kwamba maji mliyoyakuta mmeyaacha jinsi yalivyokuwa.

Tambarare inachosha

Konza ni mji wa njia. Ulianza kama stesheni, mahali ambapo reli ya Magadi inachipuka kutoka ile kuu ya Mombasa. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa jiji la teknolojia kwenye ekari 5,000, na tangu hapo tunaitwa Silicon Savannah. Jina ni tamu. Lakini wengi wetu bado tunatafuta kibarua cha leo tule leo, na kesho tuanze upya.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kupatikana. Sasa naandika, napiga picha za harusi, nauza bando. Wenzangu wengine ni watu wa nduthi, mmoja anashika mlango wa duka la vifaa vya ujenzi, mwingine anasubiri barua ya kazi tangu mwaka jana. Wikendi zetu zinafanana: mpira kwenye runinga ya mkahawa, muguka, simu, usingizi. Hapa ni jua, upepo na vumbi. Ukimwambia mzee wa mtaa kwamba unaenda kulala msituni kwa hiari yako, atakuuliza kama kwenu hakuna kitanda.

Na bado kuna kitu ambacho usiku wa msituni unakupa, na hakiuzwi mjini. Simu inakosa mtandao. Watu mnaojuana miaka kumi mnaanza kuongea vitu ambavyo hamjawahi kuongea. Mbogi yetu, nitakavyosimulia, ilijua usiku mmoja kwamba wawili wetu walikuwa wanasota kimyakimya na hawakuwa wamemwambia mtu.

Ellis ni tamu, lakini ina bei yake

Tuanze na ukweli kuhusu kile kidimbwi cha picha. Kutoka mji wa Chogoria hadi lango la hifadhi ni takriban kilomita 30 za barabara ya msituni ambayo mvua ikinyesha inageuka kuwa uji. Gari la kawaida halifiki. Unahitaji 4x4 na dereva anayeijua kazi, au miguu na muda.

Halafu kuna urefu. Konza iko zaidi ya mita 1,600 hivi. Ukitoka hapa asubuhi na kulala Ellis usiku huohuo, mwili umepanda karibu mita 1,800 kwa siku moja. Kuanzia mita 2,500 hivi, watu wengi huanza kuumwa na kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Si ulaini wako, ni hewa ambayo imepungua. Wanaojua hulala kwanza karibu na lango, kwenye mita 3,000 hivi, ambako kuna vibanda na uwanja wa kambi katikati ya msitu, halafu siku ya pili ndipo wanapanda kidimbwini. Kichwa kikizidi kuuma, au mtu akianza kuyumba kama mlevi, dawa ni moja: kushuka, hata kama ni usiku na picha hazijapigwa.

Baridi nayo ina hesabu. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo usiku ambao Konza unajifunika shuka moja, Ellis ni baridi kwa nyuzi 11 zaidi. Asubuhi unaweza kukuta umande umeganda juu ya hema.

Sisemi usiende. Nasema isiwe kambi yako ya kwanza. Ya kwanza ifanye mahali ambapo ukikosea, nyumbani ni karibu.

Mlima wenye majina matatu

Kaunti yetu ya Machakos ina mlima wake wa msitu. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wakikuyu wanauita Kilimambogo, mlima wa nyati. Wakamba tunauita Kyanzavi. Mlima ukipewa majina matatu na jamii tatu, jua kwamba watu walikuwa wakiutazama na kuutumia muda mrefu kabla ya mtu yeyote kujenga lango na kuweka bei.

Kilele chake kiko mita 2,145. Umekuwa hifadhi ya taifa tangu 1967, na ni hifadhi ndogo, kilomita 20 na kidogo za mraba, karibu yote msitu. Kuna nyati, pongo, nyani, kima na mbega wale weusi kwa weupe ambao mkia wao unaonekana kama shali. Siku ya anga safi, ukiwa juu unaona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili.

Njiani kuelekea kileleni utapita makaburi. Hapo amelala William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa na shamba kubwa la Juja, ambako alimkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909. Alikufa 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni kabisa, lakini msafara wa jeneza ukashindwa na mlima, akazikwa pale ulipokwamia. Ukitembea Nairobi katikati ya mji ukaona maktaba yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ni ya jina lake. Mkewe ndiye aliyeijengesha na ikafunguliwa 1931. Tulisimama pale kaburini mmoja wetu akasema, "Huyu alikuwa na doo zote hizo na bado mlima ulimkatalia." Tulicheka, tukaendelea kupanda.

Tulivyoenda bila gari

Tulikuwa watano. Tulichanga kidogokidogo kila wiki kwa miezi miwili, pesa zikikaa kwenye M-Pesa ya yule ambaye hana mkono mwepesi. Ushauri wangu wa bure: mchague mwekahazina kabla ya kuchagua mlima.

Kutoka Konza tulishika matatu ya Mombasa Road hadi Kyumbi, tukaingia Machakos mjini, tukachukua nyingine ya Kangundo na Tala, halafu kutoka Tala hadi Donyo Sabuk. Ukiwa unatoka Nairobi, kwa upande mwingine, ni kama kilomita 65, na unaweza kupitia Thika kwa barabara ya Garissa. Ada za hifadhi zinalipwa kwa eCitizen, hakuna noti langoni. Lipeni mkiwa bado mjini ambako mtandao uko sawa, na mpige picha risiti. Kitambulisho usikisahau, maana bila hicho huwezi kuonyesha kwamba wewe ni raia ulipe bei ya raia.

Hema tulikodi kwa jamaa wa mtandaoni. Siku moja kabla ya safari tulilisimamisha uani kwetu, na ilikuwa vizuri, kwa sababu mfuko ulikuwa na vigingi vitatu tu na zipu ilikuwa imechoka. Fundi wa viatu alishona zipu, fundi wa chuma akatukatia vigingi kutoka kwa vyuma chakavu. Usiamini hema la kukodi hadi uliwe umelala ndani yake.

Chakula kilikuwa cha nyumbani: muthokoi iliyopikwa tayari, chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, njugu, majani chai na tangawizi. Maji tulibeba ya kutosha kwenye madumu. Chupa zile za plastiki za kununua zikae nyumbani. Tangu Juni 5, 2020 vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja vimepigwa marufuku kwenye hifadhi, misitu na fuo za Kenya. Hapa kwetu wengi hawajui sheria hiyo, na wengine wanaijua na wanajifanya hawaijui.

Kutoka langoni hadi kileleni ni kilomita 9 hivi za barabara ya udongo inayozungukazunguka msituni. Usitembee kivyako. Uliza langoni kuhusu askari wa kuwasindikiza, kwa sababu jina Kilimambogo si la mapambo. Kinyesi cha nyati utakikuta katikati ya njia, kibichi. Nyati wa kundini mara nyingi husonga akakupisha. Dume mzee anayetembea peke yake ndiye anayeogopwa na kila mtu anayefanya kazi msituni. Giza likiingia, hakuna kuzurura. Haja ndogo inafanywa karibu na hema, tochi ikiwa imewashwa, na mtu wa pili akiwa macho.

Jiko halilali ndani

Saa mbili usiku baridi ilitupata. Tulikuwa tumepika chai nje, kwenye sehemu ya moto, kwa jiko dogo la makaa. Makaa yalikuwa bado mekundu. Mmoja wetu, ambaye kwa heshima nitamwita tu Kijana wa Baridi, akalishika jiko kwa kitambaa akaelekea mlangoni mwa hema.

"Bro, hako kajiko hakaingii humu," akasema yule mkubwa wetu.

"Baridi itatumaliza, msee. Nitakaweka pale kwa kona, dakika kumi tu."

"Baridi haitatumaliza. Hako ndiko katatumaliza, tena tukiwa usingizini."

Walibishana. Kijana wa Baridi alisema kwao wanalala na jiko ndani kila Julai na hakuna aliyekufa. Mkubwa hakupandisha sauti. Alichukua sufuria ya maji, akamwagia makaa, moshi ukapanda, mjadala ukaisha. Kijana wa Baridi alinuna hadi asubuhi.

Nataka sehemu hii uisome mara mbili. Makaa yanayoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Unaanza na kichwa kizito na usingizi mtamu, na kwa sababu ulikuwa tayari umechoka na kupanda mlima, unadhani ni uchovu. Unalala, na huamki. Hema ni baya kuliko nyumba, maana ni dogo na kitambaa chake kimetengenezwa kuzuia upepo. Kuacha zipu wazi kidogo hakusaidii. Makaa ambayo yameacha kutoa moshi ndiyo yanayodanganya watu, kwa sababu yanaonekana yametulia. Jiko la gesi nalo ni vilevile: pikia nje, liache nje.

Baridi ina dawa nyingine. Weka kitu kizito chini yako kabla ya kujifunika juu, maana ardhi ndiyo inayokuibia joto usiku kucha. Mkeka na blanketi ya zamani vinatosha. Badilisha nguo ulizotokea jasho, vaa soksi kavu, vaa kofia. Kula kabla ya kulala. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya chuma, ifunge kwa soksi, uikumbatie. Hayo ndiyo tuliyofanya, na Kijana wa Baridi pia, ingawa alikuwa bado amenuna.

Maji ya chini ya mlima

Kilimambogo hakikukupa kidimbwi juu. Maji yake yako chini. Mto Athi unauzunguka mlima, na karibu na mji wa Donyo Sabuk unaanguka kwenye Maporomoko ya Fourteen Falls. Siku ya pili tulishuka huko.

Kwa mbali ni picha safi: maji meupe yanaruka mawe kwa mstari mrefu. Ukikaribia, pua inakuambia ukweli. Kuna povu ambalo si la mto. Kuna chupa, viatu, nepi na vipande vya sponji vilivyokwama kwenye mawe. Athi umeshapokea maji ya Mto Nairobi kabla ya kufika pale, na Mto Nairobi umebeba kila kitu ambacho jiji lile halikutaka kukitazama. Sijui kijana wa Nairobi anayekuja kupiga selfi pale kama anajua kwamba anapozi mbele ya takataka za mtaa wake.

Usicheke bado. Mto ule hauishii pale. Unashuka Ukambani, na huko chini, kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, ndiko linakojengwa bwawa la Thwake, mahali ambapo Athi unakutana na Mto Thwake. Ujenzi ulianza 2018, na sehemu ya mpango wake ni kuleta maji kwa jiji la teknolojia la Konza. Maji yanayobaki yanaendelea, yanabadilisha jina kuwa Galana na Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kwa hiyo chupa unayoiacha kando ya maporomoko haiendi "huko". Inaanza safari ya kurudi kwetu.

Na kuhusu kuogelea pale: usijaribu. Mawe yana utelezi, mkondo una nguvu hata unapoonekana mpole, na watu wamekufa maji hapo. Ukitaka kuona maporomoko, yaone ukiwa mahali pakavu.

Sasa rudisha mawazo kwa kile kidimbwi cha Ellis. Mto uliochafuka unaweza angalau kusukuma uchafu mbele, ukawa shida ya mwingine. Kidimbwi cha mlimani hakina nguvu hiyo. Ni maji machache yaliyotulia. Sabuni ya sufuria moja, mabaki ya mchele, haja kubwa iliyofanywa nyuma ya kichaka cha karibu, vyote vinakaa pale, na mvua ikinyesha vinashuka ndani. Mbogi moja haiwezi kukiua. Mbogi hamsini kila wikendi, kila mmoja akisema "ni mara moja tu", zinaweza.

Ndiyo maana wapanda milima wana kanuni ya hatua sabini. Hema, kuosha vyombo, kupiga mswaki na choo, vyote viwe angalau mita 60 kutoka kwenye maji, ambazo ni kama hatua sabini za mtu mzima. Kama hakuna choo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, ufukie vizuri. Tishu na taulo za kike havifukiwi, vinarudi nyumbani kwenye mfuko. Moto uwashwe mahali palipotengwa tu. Machi 2012 moto mkubwa uliteketeza eneo kubwa la Mlima Kenya, na nyasi zile kavu za juu hazihitaji zaidi ya cheche moja. Na muziki, tafadhali. Kama ulitaka sherehe, mjini kuna sherehe.

Tulirudi na nini

Mfuko wetu mmoja wa takataka ulikuwa mzito kurudi kuliko kwenda, kwa sababu tuliokota pia za wengine pale maporomokoni. Haikuwa ushujaa, ni mfuko mmoja. Kondakta wa matatu ya Tala alitaka kutulipisha nafasi ya abiria kwa ajili yake. Tulimwambia ni takataka, akashangaa kwamba kuna watu wanasafirisha takataka kwa hiari, akatusamehe.

Wale wawili waliokuwa wanasota kimya hawajatajirika. Lakini mmoja sasa analala kwa mwenzetu hadi apate kodi ya nyumba, na mwingine tulimsaidia kupeleka pikipiki yake gereji ili arudi barabarani. Hayo yalipangwa mezani, meza yenyewe ikiwa ni jiwe la msituni, saa nne usiku, hakuna aliyekuwa na mtandao wa kumkimbiza.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, usinitumie ile picha tena. Tafuta watu wanne unaowaamini, mmoja wao awe yule mbishi ambaye atakumwagia jiko maji. Anzeni kuchanga wiki hii, hata kama ni shilingi hamsini. Simamisheni hema uani. Nendeni kwanza Kilimambogo, mjue jinsi baridi inavyouma na jinsi begi linavyoelemea. Mkishajua hayo, Ellis ipo, na kidimbwi chake hakihami. Mkifika, laleni hatua sabini kutoka kwenye maji, na asubuhi kabla ya kuondoka mjihesabu: mlikuja wangapi, mnarudi wangapi.